Baiskeli Iliyofungwa Kwenye Nguzo ya Duka Langu

Shule niliiacha darasa la pili nikafuata mbuzi. Duka langu la kamba na ndoo, hapa Garissa karibu na soko la mifugo, nimelisimamisha kwa mikono hii miwili. Kwa hivyo asije mtu kunifundisha mali ni ya nani.

Kwetu mnyama aliyepotea tunamwita baadi. Ukimwokota unamchunga, unakunywa maziwa yake kama ujira wa taabu yako, na unatangaza visimani na sokoni. Kumuuza, hapana. Anayekuja kumdai anataja alama kwanza, ndipo aonyeshwe.

Basi baiskeli ilipokaa kwenye nguzo ya baraza yangu mpaka buibui wakajenga, niliifanya baadi. Ilikuwa inazuia wateja. Nikamwita fundi wa kuchomelea akate mnyororo, nikaiingiza ndani, nikatangaza sokoni na nje ya msikiti.

Akaja mwanamume mmoja mbiombio. "Mzee, ni yangu hiyo."

"Taja alama."

"Ni nyeusi."

"Hata mimi ni mweusi. Utanidai na mimi?"

Watu walicheka, akaondoka akinung'unika eti nina roho mbaya. Sawa.

Halafu akaja mwanamke kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, vumbi la safari bado usoni. Mumewe, alisema, alikuja hapa mjini kusambaza maziwa kwa baiskeli. Simu yake ikazimika. Kambini wakaanza kusema amewatupa, yeye na watoto, ameoa kwingine.

"Alama?" nikauliza.

"Kengele haina kifuniko. Kiti nilikishona mimi, ngozi ya mbuzi, uzi wa bluu."

Nikaitoa. Uzi wa bluu ule pale. Akakipapasa kile kiti, lakini usukani hakuushika.

"Adeer," akaniita, kama baba yake mdogo, "aliiegemeza tu, au aliifunga?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mimi nimehama na ngamia. Aliyechoka ukimwacha njiani humfungi, unamwachia ajitafutie majani. Unamfunga yule utakayemrudia.

Mimi situpi chuma. Nikautoa ule mnyororo msumarini, umekatwa katikati, kufuli bado imejifunga. Akaivuta ile kufuli. Haikufunguka. Akaivuta tena.

"Aliifunga," akasema.

"Binti, nisikudanganye. Kufuli haisemi yuko wapi. Mtu anaweza kufunga na asirudi. Anaweza kuwa amekufa."

"Najua, adeer. Lakini siku ile alikuwa anarudi."

Nikamwambia aichukue, alama amezitaja zote, hakuna wa kumpinga. Akakataa. Akasema yeye hajaja kudai baiskeli. Aliomba mnyororo na kufuli yake. Akavifunga kwenye ncha ya shuka yake na kwenda kutafuta gari la kurudi, akawaonyeshe wale wenye midomo.

Nimezeeka nikidhani nazijua hukumu zote za mali iliyoachwa. Hii sikuwa nayo. Mwenye haki ameshinda, mali ameiacha kwangu.

Nilichukua kufuli mpya rafuni, nikairudisha baiskeli kwenye nguzo ileile na kuifunga. Wateja wanaigonga kwa magoti na kunitukana. Wengine wanauliza bei. Nawaambia haiuzwi, ina mwenyewe, na mwenyewe aliifunga.