Njia Nyeupe ya Bi Harusi

Aibu hii ni yangu na naisimulia mwenyewe, maana wenzangu hapa Masasi wakiisimulia huitia chumvi nyingi. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini nyumba ya bati nimejijengea na mashairi nayatoa kichwani mwangu, siazimi kwa mtu.

Miaka ile ya ruksa ya biashara, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia na malori yao na mitumba ikajaa sokoni, nilinunua koti moja jeusi, nikalivaa harusini, nikalivaa na msibani. Maneno nayo vivyo hivyo. Yeyote aliyeagwa nilimpa mstari wangu, "Nenda salama kipenzi, njia yako ni nyeupe," na watu wakaitikia, "Nasi nyuma twafuata." Jirani yangu mwalimu alinionya kwamba kila shairi langu linapita njia ile ile nyeupe, nikamjibu mbona yeye kila siku suruali ile ile na hatusemi. (Kumbe kwa muda mrefu nilikuwa naitwa misibani tu, na mstari umeshanuka ubani.)

Ikafika harusi ya mpwa wangu Zainabu, anaolewa Newala, na kwetu baba yupo lakini mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo kumkabidhi ni kazi yangu. Beti mpya nilizianza, vina vikanishinda, nikasema ya nini kuhangaika, wakwe si hawajawahi kunisikia? Nikavaa koti, nikashika kipaza sauti cha kukodi, nikautoa mstari wangu kwa sauti nzito.

Wakwe hawakuwa wamenisikia, ila wa kwetu walinisikia mno. Wanawake wa mtaani kwetu Mkomaindo wakaitikia kwa ile sauti ya makaburini, mmoja akavuta kamasi, wa pili akaangua kilio, wazee wakainua mikono kuomba dua. Dada yangu akaninong'oneza, "Kaka, umenizikia mtoto."

Mama wa bwana harusi akakaza kanga kiunoni. "Mjomba, tumekuja kuchukua bi harusi au maiti?"

Akawaambia watu wake wapande lori waondoke, nuksi hii hawaibebi. Kipaza sauti kikawa kinapiga filimbi peke yake.

Ndipo chini ya ushungi tukasikia kicheko. Bi harusi, ambaye siku hiyo hapaswi hata kukohoa, akasema, "Shikamoo mama. Maiti ana njaa."

Yule mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Marahaba, mwanangu. Na nyie mliosema mnafuata, pandeni. Ila kila mtu na dumu lake la maji, Newala hatuna ya kugawa."

Tukapanda, wafiwa wote, tumepakata madumu kama watoto, tukaenda kula pilau mpaka machozi yakakauka. Siku hizi mabinti wenyewe wanauomba mstari ule, na ndugu zao wanauitikia huku wameshika madumu. Mimi nimenunua koti la pili, la kahawia, na sifungui tena kinywa kabla ya kuuliza: leo tunamsindikiza aliyesimama, au aliyelala?