Lenzi ya Rashad na Uso wa Mzee Onchiri

Kisii mjini, mwenye akili hanunui lenzi iliyotumika kabla Manasseh hajaishika. Hakuna aliyempa cheo hicho. Miaka mingi iliyopita alimwambia mpiga picha mwenzake kwamba lenzi aliyoinunua ina kuvu ndani. Mwenzake akasema huo ni wivu. Mvua za Aprili zikaja, na kufikia Juni kila bibi harusi aliyepigwa na lenzi ile alionekana kama amesimama nyuma ya pazia la bafu. Tangu hapo watu hupanda ngazi hadi chumba chake juu ya duka la sare za shule, wakaweka lenzi mezani, wakanyamaza. Manasseh naye hunyamaza. Ndivyo kazi inavyofanyika.

Ana miaka arobaini na mitatu, mwembamba, na maneno yake ni machache hata kwa watu anaowapenda. Hupiga mahafali, harusi na picha za pasipoti, lakini kinachomlipia kodi ya chumba ni mazishi. Ile picha ya jalada la programu ya mazishi, uso mkubwa umetulia, mwanga ukitoka kushoto na majani ya nyuma yameyeyuka kuwa kijani kitupu, ni mtindo wake, na kuanzia Kenyenya hadi Nyansiongo watu huutambua bila kusoma jina. Akiikamilisha huiweka kwenye status yake ya WhatsApp bila neno lolote. Anaamini picha ikiwa nzuri, maelezo ni usumbufu.

Katikati ya juma Rashad alimletea lenzi. Rashad ana duka la simu na kamera karibu na soko, duka aliloachiwa na baba yake, ambaye aliuza redio hapo hapo. Ni mwepesi wa maneno kiasi kwamba wateja hulipa ili wapumzike. Alifungua kitambaa, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu Manasseh, hii imetoka Dubai kwa mtu aliyeacha kazi ya picha akaoa. Milimita themanini na tano, mdomo moja nukta mbili. Kaa nayo hadi Jumatatu. Ukisema ni nzuri, nina watu watatu. Ukisema mbaya, mimi siijui na wala sijawahi kuiona."

Manasseh aliishika. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na ushee, na nusu ya uzito huo ilikuwa kioo. Ilitengenezwa kwa kamera za siku hizi, zile mirrorless zisizo na kioo cha kuakisi ndani, na haikuwa ya kuvuta taswira karibu. Ukitaka uso uwe mkubwa, unatembea. Raha yake ilikuwa mdomo, lile tundu la kuingizia mwanga, ambao ukifunguliwa wote hunywa mwanga hata ndani ya jiko lisilo na dirisha. Alizungusha pete ya fokasi, ile ya kulengea, ikaenda bila kukwama. Akamulika ndani kwa tochi ya simu akaona vumbi kidogo, kuvu hakuna. Akaifunga tena kwenye kitambaa. Rashad alielewa kwamba mkutano umekwisha.

Wapiga picha wengine hujaribu lenzi kwa ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa mlangoni. Manasseh hujaribu kwa wazee. Ukuta, anavyosema, haujali umetokeaje.

Kwa hiyo Jumapili alipiga simu kwamba anakuja, akapanda boda hadi nje kidogo ya Ekerenyo, nyumbani kwa baba yake, Mzee Onchiri. Mzee alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita na mzee wa kanisa la Sabato kwa miaka thelathini, na hajapata kuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Mkewe alishafariki. Ana chai ekari moja, ng'ombe mmoja, na wana wawili, lakini kwa miaka tisa amekuwa akizungumza na mmoja tu.

Yule mwingine ni Jethro, kifungua mimba, mhandisi wa maji huko Nakuru. Jethro alimuoa msichana anayeitwa Ashley, na harusi ikafanywa Jumamosi, kwa sababu watu wa kwao Ashley hufanya harusi Jumamosi na ukumbi ulikuwa umeshapatikana. Mzee Onchiri alimwandikia barua yenye vichwa vitatu, kila kichwa kimepigiwa mstari, akieleza kwa nini baba hawezi kuivunja Sabato ili akale keki. Hakwenda. Manasseh naye hakwenda. Siku ile nzima alikaa kanisani na baba yake, na aibu ya jambo hilo haijamtoka hadi leo. Jethro hakuijibu barua. Hajakanyaga Ekerenyo tena, na Mzee hajamwita.

Manasseh alimkuta baba yake ameketi nje, kwenye kiti cha mgongo mrefu, akimsubiri kwa shati jeupe lililopigwa pasi. Hilo lilimshangaza. Kwa kawaida mzee hukataa kupigwa picha, kwa sababu anajua, kama wazee wote wa huku, kwamba mwanao akikujia na kamera nzuri na kukuomba utulie, ameanza kupanga.

"Tata, ni kujaribu lenzi tu," Manasseh alisema. Tata ndivyo wanavyomwita baba.

"Nimesikia. Hizo picha unazoweka kwenye simu, Jethro huziona?"

"Huziona. Jina lake hutokea kwa walioangalia. Lakini hasemi kitu."

Mzee alifunga kifungo cha juu cha shati. "Basi piga vizuri. Aone sijachakaa."

Manasseh akapiga. Alifungua mdomo wa lenzi wote, moja nukta mbili, akasogea hadi uso ukajaa. Kisha akaketi kwenye nyasi, akakuza picha kwenye kioo cha kamera, akaanza kuisoma kama hakimu. Jicho la kushoto lilikuwa safi hadi mishipa. Sikio lilikuwa limeyeyuka, jambo ambalo kwa mdomo ule, unaoshika umbali mmoja tu na kuyeyusha kilicho nyuma yake, si kosa. Kwenye ukingo wa kola nyeupe kulikuwa na uzi wa zambarau, na hilo ni kosa, ingawa dogo. Chai ya nyuma ilikuwa kijani laini, haina vidoadoa. Fokasi ilikuwa inasitasita kabla ya kushika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitegemea. Mzee alikuwa ameketi kama mwalimu mkuu, kidevu juu, lakini jicho lilikuwa linatazama upande wa barabara kama la mtu aliyeambiwa mgeni atafika saa nne na sasa ni saa kumi. Manasseh alimwonea huruma baba yake kwa namna ambayo hajawahi kumwonea akimtazama kwa macho yake mwenyewe. Akaiandika moyoni kama sifa ya lenzi, maana hakujua pengine pa kuiandika.

Saa tano na nusu aliiweka picha ile kwenye status yake. Uso mkubwa, umetulia, mwanga kutoka kushoto, nyuma kijani kitupu. Hakuandika neno. Akaiacha simu mezani ikichaji, akaenda na baba yake kumpa ng'ombe chumvi.

Shangazi Mong'ina, dada yake Mzee, ndiye aliyetangulia kufika. Walimsikia kabla ya kumwona, akiteremka njia ya katikati ya chai huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, akilia kwa sauti ya watu wanne. Alipopinda kwenye kona ya zizi alikutana uso kwa uso na marehemu, ameshika ndoo ya chumvi.

Mong'ina akasimama. Akamtazama kaka yake kuanzia viatu hadi kofia. Halafu akamalizia kilio, kwa kuwa alikuwa amekivuta kutoka mbali na kingemkaba.

"Nyasae! Mungu wangu!" akasema alipopumua. "Kumbe uko? Wamesema umeenda!"

"Nani amesema?"

"Manasseh amesema! Iko kwa simu! Watu wote wameona!"

Manasseh alikimbia ndani. Kulikuwa na ujumbe tisini na saba. Mkononi alikuwa na kazi ya miaka kumi na saba iliyowafundisha watu wa Kisii na Nyamira kwamba uso wa namna ile, kwenye simu ile, una maana moja tu, na hakukumbuka. Aliiondoa picha, akaandika kwamba Mzee yuko hai na alikuwa anajaribu lenzi. Watu watano walimjibu kwamba uchungu humfanya mtu aseme mambo, ajipe nguvu.

Kufikia saa nane kanisa lilikuwa limeshaleta viti ishirini, na Rashad alikuwa ameingia na gari lake na mfuko wa sukari. Aliteremka na uso wa msiba, akamshika Manasseh mikono, akaanza maneno ya kuomboleza, kisha akamwona Mzee Onchiri anahesabu viti.

"Alhamdulillahi," Rashad akasema bila kuvuta pumzi. "Mzee, shikamoo. Sukari ni yenu, mimi sirudi nayo." Akamvuta Manasseh kando. "Na lenzi?"

"Fokasi ni nzito kidogo. Kola ina zambarau."

"Lenzi imemuua mtu akiwa hai, watu wakaamini, wewe unaniambia habari za kola."

"Sijamaliza kuipima," Manasseh akasema.

Mzee Onchiri hakukasirika, na hilo liliwatia watu wasiwasi zaidi. Aliketi kwenye kimoja cha viti vya kanisa, akamwamuru Manasseh amsomee zile rambirambi, zote, kwa mpangilio zilivyoingia. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya fimbo. Mwanafunzi wake mmoja, sasa karani wa kaunti, aliandika kwamba mwalimu alimchapa sana lakini leo ana watoto watatu chuoni. Mzee akatikisa kichwa, akasema huyo hakuwa mbaya ila hesabu. Mwingine aliandika sentensi ndefu isiyo na nukta, na Mzee akasema hata msiba haujamfundisha. Ukweli ni kwamba alikuwa na furaha. Manasseh hakuwa amemwona hivyo tangu mama yao azikwe.

Walipofika kwenye ujumbe wa tisini na saba, Mzee akamgeukia Manasseh.

"Jethro ameandika nini?"

"Hajaandika, Tata."

"Labda hakuona."

Manasseh angeweza kusema labda. Lakini hakuzoea kusema lenzi ni safi wakati si safi, na ulimi wake haukujua njia nyingine. "Aliona. Saa tano na dakika arobaini."

Mzee Onchiri akafikiri jambo hilo. Furaha ya watu wote tisini na saba iliondoka usoni pake mara moja. "Basi," akasema, akatazama mikono yake. Rashad akaupeleka mfuko wa sukari jikoni.

Saa kumi mtu alionekana akiteremka kwa miguu kutoka barabarani, suti nyeusi, viatu vya mjini vikiteleza kwenye udongo. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa gauni jeusi, amefunga kitambaa kichwani. Jethro alikuwa amenenepa na kupata mvi. Alikuwa akitembea kichwa chini, kwa hiyo aliwafikia kabla hajainua macho, na alipoinua, aliyekuwa mbele yake kwenye kiti ni baba yake, mzima, na kikombe cha chai mkononi.

Jethro alilia. Hakugeuka wala kujifunika uso, alilia wazi kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Ashley alimshika kiwiko. Mong'ina akaanza kueleza habari za lenzi, akaachia njiani.

"Hukuandika," Mzee alisema mwishowe.

"Ningeandika nini, Tata?" Jethro akajibu. "Nilichukua funguo za gari."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akamgeukia mwanamke. "Wewe ndiye Ashley."

"Ndiye mimi, Baba."

"Karibu kwako." Aliweka kikombe chini, akaegemea fimbo, akasimama. "Manasseh, lete hiyo kitu yako. Hawa wamevaa vizuri, na kuna arusi sikupigwa picha."

Wakasimama mbele ya chai. Mzee katikati, fimbo mbele yake, Ashley kulia kwake. Jethro alisimama kushoto, lakini nyuma kidogo, mahali alipozoea kusimama tangu akiwa darasa la kwanza katika shule ambayo baba yake ndiye mkuu. Manasseh akatazama ndani ya kamera. Mzee alikuwa safi, Ashley safi, na Jethro alikuwa ukungu wenye tai.

Angeweza kuufunga mdomo wa lenzi hadi namba nane, uwe mwembamba, wakatokea wote hata wangesimama ovyo. Kila mwanafunzi wa picha anajua hilo. Hakuufunga.

"Jethro, umerudi nyuma sana. Nakupoteza hapo. Njoo mbele."

"Niko sawa hapa," Jethro akasema, sauti bado imelowa. Miguu yake haikusogea.

Mzee Onchiri hakugeuza kichwa, alitazama lenzi moja kwa moja.

"Ni hatua ngapi?" akauliza.

"Moja, Tata."

Mzee akainua fimbo, akairudisha nyuma, akaisimika kwenye udongo. Ukafuata mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kwa shida, hadi bega lake likagusa bega la Jethro. Ashley akaona, akarudi nyuma pia.

"Sasa?" Mzee akauliza.

"Sasa nawaona wote," Manasseh akasema, na akabonyeza.