Asubuhi Nilizojifanya Nasikia

Nilianza kupoteza usikivu nikiwa na miaka thelathini na minne, nikifanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Kazi yangu ilikuwa kuandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Kila asubuhi bosi alisimama mlangoni na kutaja haraka haraka lori gani lianze, lipi lisubiri, mteja gani amebadili maelekezo. Hakuna kilichoandikwa. Sisi sita tulisikiliza, kisha kila mtu akarudi mezani kwake.

Kwa miezi kadhaa nilijifanya nasikia. Nilicheka wenzangu walipocheka. Simu za madereva nilimwachia dada tuliyekaa naye meza moja, nikisingizia mtandao. Jioni nilifika nyumbani hoi kwa kutazama midomo ya watu kutwa nzima. Daktari wa Vwawa alikuwa ameniandikia kwenye karatasi kwamba usikivu ule hautarudi. Niliikunja, nikaificha kwenye pochi.

Siku moja bosi alisema lori la mbolea lisubiri. Mimi nikasikia lianze. Likarudishwa getini, likakwama siku mbili. Dereva wake, Mzambia wa makamo, alikuja kunilalamikia. Sikuambulia hata neno moja. Nilisema samahani, samahani, mpaka akaondoka.

Ndipo nikamweleza yule dada ukweli. Hakushangaa, alikuwa ameshajua. Tangu siku hiyo akawa anaandika maneno ya bosi kwenye daftari na kunisogezea. Madereva akawaomba wanitumie ujumbe badala ya kunipigia. Karibu mwaka mzima sikukosea.

Kisha akaenda likizo ya uzazi.

Hakuna aliyeshika daftari. Kumbe ule haukuwa utaratibu wa ofisi, ulikuwa wema wa mtu mmoja. Siku ya nne nikakosea tena, na bosi akaniita. Aliongea akitazama dirishani, nikamwomba anigeukie. Akasema nihamie stoo ya mafaili, huko hakuna wa kunisumbua.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuweza kuipima, "Bosi, kazi naiweza. Nisichokiweza ni kubahatisha unachosema. Andika ukutani, tusome wote."

"Watu watano wabadilike kwa ajili yako?" aliuliza.

Nilikuwa na jibu. Kwamba hata wao hukosea, kwamba maandishi yangewasaidia wote.  Lakini nililia mbele yake, jambo nililokuwa nimeapa kutolifanya.

Wiki iliyofuata nilikuta ubao mweupe umepigiliwa ukutani. Bosi alikuja na kalamu. Aliandika, wenzangu wakasoma, na mmoja akaupiga picha kwa simu ili asisahau. Siku hiyo nilifanya kazi kama wenzangu wote.

Lakini malori yakizidi, bosi anauruka ubao na kutaja kwa mdomo tu. Mimi hunyoosha mkono, nikangoja ashike kalamu, huku wenzangu wakitazama saa. Yule dada hakurudi, alimfuata mumewe Mbeya. Wiki iliyopita foleni ya malori ilifika karibu na eneo la Mpemba, nje ya mji, na kwa siku tatu bosi hakuandika chochote. Siku ya tatu sikunyoosha mkono. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo nikijiuliza ni mara ngapi mtu anaweza kuomba kitu kilekile. Halafu nikanawa uso, nikaenda kumwomba tena.