Filamu Waliyotaka Niiangalie Kwanza

Wifi yangu alikuwa ameshasema filamu haina shida. Aliisikiliza yote akiwa jikoni anachagua maharage. Sisi Bujumbura filamu nyingi tunazisikiliza hivyo. Ni agasobanuye, zile ambazo jamaa mmoja anashika maikrofoni, anatafsiri, na utani wake anauweka humo humo. Mtu anachinjwa, yeye anasema, "Huyu leo hali ugali!" Wifi alicheka, akamwambia binti yake: sawa, Jumamosi utaenda.

Binti alikuwa amealikwa kuiangalia Kiriri, kwa mwanafunzi mwenzake, nyumba yenye televisheni pana kama mlango. Wasichana wa darasa lao wote wangekuwepo. Ana miaka kumi na tano, na kwa umri ule kukosa kitu ambacho wengine wameona ni msiba.

Lakini baba yake, ambaye ni mdogo wangu, alipita sebuleni akaona kipande kimoja tu kwa macho. Akazima. Akakaa nje kwenye ngazi, hata chakula hakula. Jumapili baada ya misa akanipigia simu, nitoke Carama niende kwake Gasenyi.

"Dada, we angalia yote. Halafu utuambie kama inafaa mutoto."

"Kwa nini mi? Shule niliacha mwaka wa nne."

"Sitaki mambo ya shule. We ndiyo unajua. Mi nilikuwa mudogo."

Ndiyo, alikuwa mdogo. Alikuwa mgongoni kwangu.

Niliondoa sauti, sikutaka yule mchekeshaji anisaidie. Maandishi ya Kifaransa yalikuwa yanapita chini haraka kuliko macho yangu, nikayaacha yapite. Wifi alikaa karibu yangu, mdogo wangu akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kukimbia. Binti aliambiwa aoshe vyombo uani. Sahani ziligongana kidogo, kisha zikanyamaza, nikajua anatega sikio.

"Wifi," mke wa mdogo wangu akaninong'oneza, "kuna mahali wanabusiana?"

"Wamemaliza zamani. We ulikuwa na maharage."

Tulicheka. Halafu kile kipande kikafika. Ni asubuhi, jirani anagonga mlango, mkononi ana sufuria aliyoazima. Mama wa nyumba anamwona dirishani, anatabasamu, anafungua. Nyuma ya jirani kuna miguu ya watu wengi.

Mdogo wangu akageukia ukuta.

"Kumbe ndiyo hapa?" wifi akasema. "Yesu wangu. Hapa mi nilicheka."

Mdogo wangu ameniomba nisiandike jina la mtu. Basi, jina naliacha, lakini kazi yake naitaja. Kwetu, mwaka ule wa mauaji, aligonga fundi viatu. Alikula kwetu, alijua kila mguu wa nyumba ile. Siku hiyo alikuwa na kiatu changu, nilichompelekea akishone. Alisema, "Mama, fungua, nimeleta kiatu ya binti." Mama akafungua kwa ajili ya kiatu changu. Mimi nilikuwa uani nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikaona ile miguu nyuma yake, nikakimbilia kwenye mashamba ya mpunga. Mama na Baba hawakutoka. Na aliyemtuma fundi ni mkubwa wa mtaa wetu, ambaye alikufa kitandani kwake, akazikwa kwa kwaya.

Niliangalia mpaka mwisho. Mwishoni jirani anapiga magoti mbele ya mtoto aliyebaki, analia, mtoto anamwinua, muziki unapanda. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu. Nusura nikitupe kwenye kioo cha televisheni.

"Basi haendi," mdogo wangu akasema. "Damu imezidi."

"Damu ataivumilia. Ni huo mwisho. Wetu alipiga magoti lini? Wetu anakaa hapo kwenye kona, njia ya shule, anashona viatu, na anamutania mutoto wako, anamwita 'mukwe wangu'."

Sikupanga kusema hivyo. Wifi akashika mdomo. Ni yeye aliyepeleka viatu vya shule vya binti kwenye ile kona. Miaka yote mume wake alikuwa anazunguka njia nyingine, akimwambia kwamba kule hakuna vumbi.

Binti alikuwa mlangoni, mikono ina povu.

"Tanti, fundi gani?"

"Rudi kwa vyombo," baba yake akasema.

"Papa. Fundi gani?"

Nilimgeukia mdogo wangu.

"Akienda Kiriri hajui, atarudi anaamini wote wanaomba musamaha. Akijua, aende. Hilo ndiyo jibu langu. Uliniita nikujibu."

Alipangusa uso kwa kiganja, akapangusa tena. Nilidhani atatoka. Akavuta kiti.

"Mwambie. Na jina umwambie. Mi nitakaa hapa."

Nilimwambia. Sikuongeza na sikupunguza. Binti alisikiliza amesimama, povu likakauka mikononi. Aliuliza kitu kimoja.

"Na kile kiatu?"

"Kilibaki mlangoni. Alikuwa amekishona vizuri."

Jumamosi alienda. Alirudi jioni, baba yake akamuuliza ilikuwaje, akasema wenzake walilia sana mwishoni. Yeye wakati ule alikuwa amekwenda kunywa maji.

Jumatatu soli ya kiatu chake ikaachia. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba alijitolea kukipeleka kwa fundi mwingine, binti akakataa kusubiri. Alikifunga kwa kamba, wakatoka pamoja, akachagua ile kona yeye mwenyewe.

"Mukwe wangu!" fundi akaita. "Kiatu inacheka hiyo! Lete nishone."

Binti alisimama mbele yake, akamsalimia kwa jina lake lote, lile nililomwambia mimi, ambalo pale kwenye kona hakuna anayelijua. Kisha akabaki anamwangalia. Fundi akainamisha kichwa, akaanza kutafuta sindano kwenye kopo, na sindano ilikuwa mkononi mwake.