Kinyozi wa Chuka Aenda Isiolo kwa DJ Guyo

Ukinyolewa kwangu hapa Chuka utamsikiliza DJ Guyo, utake usitake. Rekodi zake za muziki wa house ndizo ninazofungulia asubuhi na ndizo ninazofungia duka jioni. Wateja hulalamika kwamba hazina maneno, zinagonga tu kama mtu anapigilia misumari. Mimi huwaambia watulize kichwa, mashine iko shingoni. Basi niliposikia kwamba Guyo, mzaliwa wa Bulla Pesa aliyejipatia jina katika klabu za Nairobi, atapiga kwao Isiolo kwa mara ya kwanza, nilifunga duka Jumamosi, siku ambayo watu wote hutaka kunyolewa. Mke wangu aliniuliza kama nimerogwa.

Asubuhi nilipata lifti kwenye gari la rafiki yangu anayepeleka ndizi sokoni Isiolo. Hadi Meru nilikuwa nimejikunyata ndani ya jaketi la ngozi. Tulipoanza kuteremka upande wa Ruiri, miti ilipungua, miiba ikaongezeka, na upepo uliopenya dirishani ukawa wa moto. Jaketi nikalikalia. Mahali fulani ngamia walikuwa wanavuka barabara na rafiki yangu akawapigia honi. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Niliwapenda papo hapo.

Mchana nilifika mtaa wa Wabera, Isiolo, kwa binamu yangu Mwiti, karani wa ofisi ya serikali, ambaye ameishi Isiolo miaka mingi kiasi kwamba Kimeru chake kimeingiwa na Kiborana. Alinipokea kwa chai ya maziwa ya ngamia, akanitazama juu hadi chini.

"Yaani umetoka Chuka juu ya DJ?"

"Si DJ tu. Guyo."

"Haya. Lakini ngoja nikuambie ukweli," alisema. "Mwenye klabu ni Mzee Kiome, na yeye anajua mugithi tu, zile nyimbo za gitaa za Kikuyu. Amempa Guyo leo peke yake. Amesema ikifika saa nne na akute watu bado wamekaa, anazima hiyo kitu, anaweka mugithi, na Guyo asirudi tena."

"Si ataenda klabu ingine?"

"Gani? Hizo zingine ni za nyama na mpira."

Nikaweka kikombe chini. Mtu anashangiliwa na jiji zima, halafu aje afukuzwe nyumbani kwao, mbele ya watu waliomjua akiwa mdogo! Niliapa moyoni kwamba kama ni kucheza, nitacheza mimi mpaka wengine waone aibu kukaa.

Jioni tuliingia klabu. Guyo alikuwa tayari nyuma ya mashine zake, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama mwalimu wa chuo cha Biblia. Hakugusa kitu. Alingoja adhana ya isha iishe msikitini, akangoja tena kidogo, ndipo akaanza. Hakushika maikrofoni wala hakurusha mikono. Aliweka mdundo mmoja tu, mzito, akauacha utembee peke yake mpaka ukaanza kuusikia kifuani. Kisha kinanda kikaingia kwa mbali, kikaondoka kabla hujakizoea. Jamani, nimemsikia Guyo kwenye spika zangu mbovu maelfu ya mara, lakini sikujua kwamba muziki wake una vyumba ndani yake.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyesimama. Meza zilikuwa zimejaa, na juu ya kila meza kulikuwa na kifurushi cha miraa, soda na chingamu. Taya zilitafuna polepole, macho yametazama mbele. Nilijitosa katikati ya sakafu, mbele kabisa ya Guyo, nikacheza peke yangu mpaka jasho likanilowesha. Nikamvuta mkono Hassan, dereva wa lori aliyekuwa kwenye meza yetu.

"Amka, ndugu! Unataka huyu kijana afukuzwe?"

"Wewe cheza tu," alinijibu kwa upole. "Mimi bado natafuna. Handas haijashika."

Mwiti akanifafanulia kwamba mtu wa miraa harukiruki. Hukaa, akatulia, akangoja raha ya miraa, hiyo handas, impandie yenyewe. Sikutaka kusikia. Nilirudi sakafuni na kuongeza bidii.

Ilipokaribia saa nne Guyo aliniita kwa kidole. Nilijua anataka kunishukuru. Aliinama, akaniambia sikioni, "Kaka, nakuomba ukae."

Nilikaa, na roho iliniuma kweli.

Saa nne Mzee Kiome alitoka kaunta, akasimama, akahesabu waliosimama: sifuri. Akaenda ukutani, akazima.

Muziki ulikatika. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyegeuka. Lakini mdundo haukukoma. Chini ya meza, viatu vilikuwa bado vinagonga sakafu: makubazi ya ngozi, buti za madereva, viatu vya ofisi vya Mwiti, chumba kizima, kwa mwendo uleule Guyo aliouacha. Juu ya meza watu walikuwa wametulia tuli. Kiome alibaki na mkono ukutani, anatazama chini.

"Mzee, si uwashe," Hassan alisema bila kuinuka. "Unatukatia handas na ndio inashika."

Kiome akawasha. Guyo alisikiliza viatu kwanza, kichwa kimeinama, kisha akaingia juu yao sawasawa, bila kukosea hata kidogo. Nywele zilinisimama. Nilitamani kulia, na sioni haya kusema. Mpaka klabu inafungwa hakuna aliyenyanyuka, ila wa kwenda chooni, na sijawahi kuona watu wakicheza vile.

Jumapili asubuhi, kabla sijaondoka, Mwiti alinipeleka hotelini kumsalimia Guyo. Alikuwa anakula mahamri, uso umechangamka. Kiome alikuwa amempa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Hukuogopa?" nilimuuliza.

"Niliogopa sana. Lakini hawa ni watu wetu. Nairobi naangalia mikono ikienda juu. Hapa naangalia miguu, ndio inaniambia niongeze ama nipunguze." Akacheka. "Sasa wewe ulikuwa umesimama hapo katikati, siwaoni."

Njia nzima ya kupanda kurudi Meru nililifikiria neno hilo, na hadi leo nikilikumbuka hucheka peke yangu. Nilitoka Chuka kwenda kumwokoa DJ Guyo kwao, na jambo la maana kuliko yote nililomfanyia ni kukaa chini.