Baba Mdogo Alipokuja Kuniombea Kazi

Kwetu Ujiji mtu hajisemei. Ukiwa na jambo, wapo wa kukusemea. Siku ya kwanza nilipopika pilau ya wageni, nikiwa msichana mdogo, nilijitia kusema mbele yao kwamba imetoka vizuri. Bibi alinitazama, loo, mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akasema, "Waache waliokula waseme." Basi nikazoea kunyamaza na kuwasubiri waliokula. Wengine walikula, wakanawa mikono, wakaaga.

Nayasema haya ili ieleweke ilikuwaje nikafanya kazi miaka mingi pale Kibirizi na mtu asijue ninafanya nini. Kampuni yetu husafirisha mizigo. Maboti ya mbao yanapakia saruji, unga, sabuni na magodoro, yanavuka kwenda Burundi na Kongo. Kwenye barua yangu ya ajira mimi ni karani. Juu yangu alikuwepo msimamizi wa upakiaji, na kila msimamizi aliletwa kutoka mbali, hajui Kiha, hajui Kirundi, akisikia watu wanapigiana kelele ufukweni anajifungia ofisini. Namfundisha. Akishaiva, anapandishwa cheo na kuhamishwa. Mimi nabaki palepale, nampokea mwingine, namwonyesha choo kilipo.

Mwaka huo nafasi ikawa wazi tena. Meneja naye alikuwa mgeni, mama mmoja wa makamo kutoka Dar es Salaam, mcheshi lakini hana muda wa kupoteza. Alinisimamisha kwenye korido, mkononi ana barua yangu ya kuomba nafasi, ile ya mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma.

"Hivi ndivyo wote mlivyoandika," akasema. "Njoo Jumatatu asubuhi unieleze kwa nini nikupe wewe."

Nilikuwa nimeshaapa. Nikiletewa mwingine wa kumfundisha, naacha kazi, nakaa nyumbani Gungu nikaange vitumbua. Na nilimaanisha. Lakini kazi ile niliipenda jamani, na wazo la kuiacha lilinikosesha raha ya chakula.

Jumamosi nikasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi. "Mimi ni…" Nikakwama. "Mimi huwa na…" Nikaona aibu kama nimekutwa nikijibusu. Mama yangu alikuwa mlangoni, kanga mabegani, ananisikiliza. Akauliza kuna nini, nikamwambia yote. Akatafuta bodaboda, akaenda zake Ujiji.

Ningejua alikokwenda ningemzuia. Alikwenda kwa baba mdogo.

Tangu baba yangu afariki, baba mdogo ndiye anayesimama kwa ajili yangu katika kila jambo. Posa yangu aliipokea yeye. Na ni mshenga hodari. Ujiji nzima sijui ni nyumba gani hajawahi kuingia na kofia yake safi kumwombea kijana wa watu mke. Anajua pa kuanzia, pa kutania, pa kunyamaza ili wenye nyumba wapate haya na kukubali.

Jumatatu nafika kazini, namkuta ndani kwa meneja. Kanzu, koti, mkongojo. Ofisi zetu zimetenganishwa kwa mbao, kila kitu kinasikika. Meneja ameshamwamkia, baba mdogo ameshaitikia marahaba yake ndefu, wameshaulizana habari za safari, za joto na za ziwa. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, kama ilivyo desturi. Binti anayesemewa haingii chumba cha mazungumzo.

Niseme ukweli, hasira zilinipanda, halafu zikashuka, nikafurahi. Alhamdulillah, nikawaza, acha aseme yeye, yeye anaweza.

"Tumekuja kwa heshima," alianza, "kwa ajili ya binti yetu. Binti huyu amelelewa. Hana makuu. Anaamka mapema. Hajawahi kumjibu mkubwa. Ukimtuma anakwenda, ukimkemea ananyamaza. Sauti yake jirani haijui."

Nikajishika kichwa. Aliendelea, na kila sifa aliyoitoa ilizidi kunizika. Hana makundi. Hapendi mizozo. Watu wakigombana yeye huondoka mahali hapo. Astaghfirullah! Na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiomba, kuingia katikati ya watu wanaogombana.

Kisha nikamsikia meneja, kwa upole kabisa, "Mzee wangu, samahani. Huyu anaolewa au anaomba kazi?"

Baba mdogo akacheka kidogo, kile kicheko cha mshenga aliyeshikwa pabaya. Nikasubiri ajitoe. "Kazi," akasema. "Kazi yake ni nzuri. Anaandika… yale makaratasi. Anaandika vizuri." Sauti ikamwishia. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno katika nyumba ya watu, leo amekosa, na ni kwa ajili yangu.

Hapo sikuweza kuvumilia. Nikasukuma mlango.

Baba mdogo alinitazama kana kwamba nimeingia kichwa wazi msikitini. Nikasema, "Baba, naomba unisamehe. Hili nitalisema mwenyewe."

Nikamgeukia meneja. "Unaikumbuka boti ya saruji, ile iliyonyeshewa mvua juzi, wiki uliyofika?"

"Naikumbuka. Ripoti ilisema imeondoka salama."

"Haikuondoka yenyewe. Mwenye saruji ni Mrundi, alikuwa anamwambia nahodha kwamba ameacha mzigo wake uloe makusudi. Nahodha ni wa Kongo, amevua shati anataka ngumi. Wapagazi wameweka mizigo chini, wamekaa. Msimamizi alikuwa amejifungia humu. Mimi nilikwenda. Nikamsalimia yule mfanyabiashara kwa Kirundi, nikamuulizia watoto wake kwa majina, kwa sababu nawajua. Nikamvalisha nahodha shati lake. Halafu nikawaambia wapagazi wafungue mifuko ya juu mbele ya wote wawili. Karatasi ya nje ndiyo iliyoloa, ndani saruji kavu. Wakaona wenyewe, wakaona na aibu. Kabla ya adhuhuri boti ilikuwa inang'oa nanga."

Nilipoanza sikujua pa kuishia. Nikamweleza namna ninavyowakatalia wanaotaka kupakia kupita kiasi, wanavyonitukana, na namna wanavyorudi safari ijayo wakiniulizia mimi. Nikamweleza habari za wasimamizi niliowafundisha. Sauti ilinipanda, ile sauti ambayo jirani haijui. Nadhani mpaka wauza dagaa wa nje waliisikia.

Meneja akaniuliza, "Mbona hakuna hata moja ya haya kwenye barua yako?"

"Nilidhani mnajua."

"Nijue vipi, mama? Mimi nimekuja juzi. Na ripoti walizoniachia walionitangulia hazikutaji."

Akasema atatujibu. Tukatoka, baba mdogo mbele, mimi nyuma. Nilitegemea anigombeze. Alikwenda mpaka karibu na maji, akasimama akiangalia wapagazi wanavyopita kwenye ubao na magunia kichwani.

"Mambo yote yale unayafanya wewe?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii nawaambia watu mwanangu anaandika makaratasi." Alikuwa ameumia, nilimwona. "Mbona hukuniambia? Umeniacha nikaseme nisichokijua."

"Sikukutuma, baba."

"Hukunituma, sawa. Na ungenituma, ungenipa maneno gani niende nayo?"

Machozi yalinitoka palepale mbele ya wapagazi, na wala sikuyaficha.

Nafasi niliipata. Barua ilipokuja, mama alipiga vigelegele mpaka Gungu wakadhani nyumba ile ina harusi.

Harusi yenyewe ilikuja baadaye kidogo, ya mtoto wa baba mdogo, huko Ujiji. Walikuwepo wageni kutoka Tabora, wazee kwa wamama, tumeketi mkekani na sinia za pilau katikati yetu. Mgeni mmoja akaniuliza ninajishughulisha na nini. Kwa mazoea nikainamisha kichwa, nikamtupia jicho baba mdogo, anisemee.

"Huyu ni msimamizi wa upakiaji pale Kibirizi," akasema, kwa ile sauti yake ya posa. Nikamwona anavuta pumzi ili aendelee. Kisha akafunga mdomo, akatwaa tonge lake, akaninyooshea kidevu.

"Sema mwenyewe," akasema.

Wageni walikuwa bado wanakula. Sikuwasubiri wamalize.