Springi Haipakwi Mafuta

Fundi yule aliitwa Sikio, na usidhani jina hilo alipewa kwa kutukanwa. Alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mteja angefika kibandani kwake, kati ya fundi viatu na dada anayeuza vifuniko vya simu, akaweka mezani kibodi yake inayokwaruza. Sikio angechomoa swichi moja, akaisogeza kwenye sikio la kulia, akaibonya taratibu huku amefumba macho. Jirani zake wangenyamaza kumpisha. Kisha angetoa hukumu: hii inakwaruza ubavuni, hii shina lake limepinda, hii grisi imezidi. Kwa miaka mingi hakukosea hata mara moja, na mtu akizoea kutokosea huwa ni shida kubwa.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Chini ya kila kitufe cha kibodi za namna hii kuna swichi yake peke yake, kijumba cha plastiki kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Ndani mna shina la kupanda na kushuka, springi ya kulirudisha juu, na vijichuma viwili vinavyogusana ili herufi iandikwe. Zikitoka kiwandani, swichi hizo huwa kavu, zinakwaruza na kupiga kelele. Fundi huzifungua moja moja, akapaka grisi nyeupe kwa brashi ya mchoraji kwenye kuta ambamo shina linapita. Grisi ni kama poda usoni, ukizidisha umeharibu. Springi nayo ina mafuta yake, mepesi zaidi, kwa sababu springi kavu hulia. Kidole kikishaondoka, mlio mwembamba wa chuma hubaki hewani.

Hapo kwenye springi ndipo Sikio alipoanza kuwa nabii. Siku moja alichukua springi mbili, moja ameipaka na nyingine kavu, akazisikiliza kwa zamu, akaona hazina tofauti yoyote. Mtu mwingine angejiuliza mara mbili. Yeye akatangaza. "Springi haipakwi mafuta," akawa anawaambia wateja. "Ukiona fundi anapaka springi, ujue mkono wake mbaya, anaficha makosa." Mafundi wa upande wa pili wa soko akawaita waosha vyombo. Tangu siku hiyo hakuipaka springi tena, na cha ajabu, wateja walizidi kumsifu. Kibodi zake zilikuwa tulivu kama mchanga. Kichwa kikamvimba.

Nyuma ya pazia, kwenye meza ndogo, alikaa mkewe, Mama Pacha. Yeye ndiye aliyerudisha vitufe juu ya swichi, akafuta vumbi, na kurekodi kwa simu sauti ya kibodi iliyokamilika, kwa kuwa wateja wa kazi hii hupenda kutumiwa sauti kabla ya kuja kuchukua mali yao. Hakuwa msemaji. Mumewe aliposema kwamba mwaka huu nyenje wa nyuma ya nyumba wamehama, alimtazama tu akaendelea kukunja nguo, na nyenje wakaendelea kulia palepale. Birika la filimbi alilipeleka kwa dada yake akasema limetoboka.

Ikatokea mmoja wa pacha akaugua huko shuleni wanakolala, na Mama Pacha akasafiri kwenda kumuuguza. Katika siku zile Sikio alimaliza kibodi ya mwanamke mmoja mfasiri. Mwanamke huyo alifanyia kazi nyumbani, katika chumba kilekile alichokuwa amelala mama yake mgonjwa, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: kibodi isiyomwamsha mama. Sikio alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya pili yake mfasiri alirudi.

"Fundi, inalia," alisema. "Nikiandika, kuna kitu kinalia kama mbu. Mama hapati usingizi."

Sikio akachomoa swichi, akasikiliza. Kimya. Akachomoa ya pili. Kimya.

"Hamna kitu hapa, dada."

"Kipo. Mimi nakisikia, mama anakisikia. Hata sasa hivi umebonya, kimelia."

Fundi viatu alikuwa ameacha kushona ili asikilize. Dada wa vifuniko alikuwa na wateja wawili, nao wakageuka. Mtu mwenye jina la kulinda ni mtu wa hatari, hasa mbele ya watazamaji. Sikio aliiweka swichi mezani, akapangusa mikono, akasema kwa ile sauti yake ya utani:

"Basi huyo mama mpeleke hospitali akapimwe masikio. Na wewe umsindikize, wakipima mmoja wapime na wa pili."

Wakacheka wote. Fundi viatu alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi, akaongeza yake: "Sikio la kufa halisikii dawa, dada. Mkubalie fundi." Mfasiri aliisukuma ile kibodi upande wa Sikio, akasema, "Kaa nayo," akaondoka.

Mama Pacha aliporudi, dada wa vifuniko alimsimulia yote kabla hajatua mkoba. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo pale ilipobidi kucheka, akaingia nyuma ya pazia akakaa.

Kesho yake Sikio alitoka kwenda kuchukua mzigo wa swichi ofisi ya mabasi. Hakufika mbali akakumbuka ameacha simu, akarudi. Alipofunua pazia alimkuta mkewe ameifungua kibodi ya mfasiri yote. Vijumba vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, mashina kwenye bakuli, na springi zote zilikuwa ndani ya kifuko cha plastiki chenye matone ya mafuta. Mama Pacha alikuwa ameufunga mdomo wa kifuko kwa vidole, anakitikisa taratibu ili kila springi ipate mafuta. Alikitikisa bila hata kukitazama, jinsi mtu anavyofanya jambo alilolifanya mara nyingi.

"Unafanya nini?"

Mama Pacha alikitua kifuko. "Zinalia, Baba Pacha."

"Hazilii. Nimezisikiliza mwenyewe. Yaani unakwenda kupaka springi za kazi yangu? Watu wakijua nitaiweka wapi sura yangu?"

Mama Pacha alitoa kwenye droo swichi moja ya akiba ambayo springi yake hakuwa ameipaka, akaisogeza kwenye sikio la kulia la mumewe, lile maarufu, akaibonya.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

Akambonyezea tena. Kisha akaishusha swichi ile, akamwekea mdomoni, ikagusa mdomo wa chini, akabonya. Sikio alishtuka. Kitu kilitetemeka pale mdomoni, chembamba, kikaendelea kutetemeka hata baada ya mkewe kuachia. Mkewe akaiondoa, akachukua nyingine ya akiba aliyokwisha kuipaka, akafanya vilevile. Hiyo ilibonyea ikatulia.

Sikio alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa kuwa huko nyuma kiti kilikuwa kimoja tu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipoanza kusema springi haipakwi."

"Zote?"

"Zote zilizopita mkononi mwangu. Hii haikupita. Nilikuwa kwa mtoto."

"Ukaniacha nitangaze vile soko zima?"

"Ningekwambiaje?" Mama Pacha alisema polepole. "Wewe wanakuita Sikio. Nilikusitiri, baba. Nikadhani nitakusitiri mpaka tuzeeke."

Kama angemkaripia, Sikio angepata pa kushika. Angejibu, wangegombana, na ugomvi unafunika mengi. Lakini alikuwa amesitiriwa, na aibu ya kusitiriwa haina mlango wa kutokea. Alizikumbuka sifa zote alizozipokea kwa kifua mbele, na kumbe zilikuwa za mtu aliyeketi nyuma ya pazia. Aliwakumbuka waosha vyombo wa upande wa pili, waliokuwa wakipaka springi zao vizuri kabisa. Nyani haoni kundule, husema watu, lakini angalau nyani hazunguki akiwahubiria nyani wenzake. Kisha akamkumbuka mfasiri akisukuma kibodi mezani, na hapo joto likampanda shingoni hadi kwenye masikio yenyewe.

Walimaliza kuifunga kibodi pamoja. Sikio alisema ataipeleka mwenyewe nyumbani kwa mfasiri.

"Mwambie springi zilikuja mbovu kutoka kiwandani," Mama Pacha alimshauri. "Si uongo mkubwa."

Njia nzima Sikio aliufanyia mazoezi uongo huo usio mkubwa. Aliurefusha, akaupunguza, akaona umekaa vizuri. Mfasiri alimfungulia mlango, akaipokea kibodi bila kutabasamu, akamkaribisha ndani kwa sababu hakuna namna ya kumwacha mtu mlangoni. Mama yake alikuwa ameegemea mito kitandani, mguu mmoja umefungwa bendeji, na kando yake palikuwa na meza ya bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Nimeirudisha kibodi. Unajua, springi zilikuja..."

"Ndiye uliyesema nikapimwe masikio?"

Mfasiri aliinamisha kichwa. "Nilimsimulia kwa hasira," alisema. "Sikujua ataling'ang'ania neno hilo."

"Nilikwenda," mama alisema. Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayeeleza alivyoshinda. "Nilimwambia huyu anipeleke. Niliona labda ni kweli, uzee huu, namsumbua mtoto kazini kwa kelele ambazo hazipo. Tulikaa foleni sana, na mguu huu. Daktari akaniambia masikio yako mazima kuliko ya binti yako." Akacheka kidogo. "Basi nikabaki najiuliza, sasa kinacholia ni nini?"

Ule uongo usio mkubwa Sikio aliuacha. Alimwona mama huyu kwenye benchi la hospitali, mguu umenyooshwa, akisubiri kuulizwa kosa ambalo si lake. Aliona haya mpaka akatamani ile bendeji ingekuwa mguuni kwake.

"Masikio mabovu ni yangu, mama," alisema. "Ilikuwa inalia kweli. Mimi ndiye nisiyesikia. Naomba unisamehe."

Mfasiri alikuwa ameanza kuandika, kuijaribu. Mama alitega sikio, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Sasa imetulia. Nimekusamehe, mwanangu. Nawe kapimwe. Mficha uchi hazai."

Sikio alimgeukia binti. "Na wewe, dada, nisamehe."

Mfasiri aliacha kuandika. "Mama amekusamehe ya humu ndani," alisema. "Mimi hukunifanyia humu ndani. Ulinifanya kichekesho mbele za watu."

Sikio aliaga akatoka.

Siku mbili Sikio alikaa kibandani akiwa mtu mwingine. Wateja wawili aliwaambia waache kibodi zao, waje baadaye. Fundi viatu alimuuliza kama anaumwa jino. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia, mara mbili akauliza habari ya soli.

Siku ya tatu alikuja dereva mmoja wa lori, mpenzi wa michezo ya kompyuta, akiwa na kibodi mpya aliyoinunua safarini. Aliiweka mezani kwa heshima. "Nimeambiwa hapa ndipo penyewe," alisema. "Nisikilizie, fundi."

Fundi viatu akaiinua nyundo akaishikilia hewani. Dada wa vifuniko akapunguza redio. Sikio alichomoa swichi, na mkono, kwa mazoea yake, ukaipeleka palepale kwenye sikio la kulia. Akafumba macho. Akabonya. Alisikia sauti ya plastiki ikigonga chini, basi. Juu ya hapo palikuwa kimya, kimya kilekile alichokisifu muda wote huu akidhani ni kazi ya mikono yake.

Alifumbua macho. Wote walikuwa wakimtazama, wanangoja hukumu.

"Mama Pacha," aliita, "njoo usikilize wewe. Mimi sisikii."

Fundi viatu akaangua kicheko. Dada wa vifuniko akacheka akiwa ameshika ubavu, na dereva, kwa kuona wenyeji wanacheka, akacheka pia. Sikio na utani wake. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi bado. Angetabasamu tu, mambo yangeishia hapo, na jina lake angelala nalo salama. Nyuma ya pazia Mama Pacha alikuwa amesimama, lakini hakutoka. Alikuwa anampa nafasi ya kurudi nyuma, kama alivyompa siku zote.

Sikio alingoja kicheko kiishe. Kilichukua muda.

"Sitanii," alisema. "Sisikii springi, na si leo tu. Yule dada mfasiri alisema kweli, inalia, na mimi nikamtukana na mama yake hapahapa mbele yenu. Kibodi mlizozisifu, springi zake alizipaka mke wangu."

Nyundo ya fundi viatu ilishuka taratibu ikakaa mapajani. Alitazama kiatu alichokishika, pengine akakumbuka na neno lake la dawa. Dada wa vifuniko hakuirudisha sauti ya redio. Hakuwa mtu wa kulala na neno tumboni, na kabla ya jioni mfasiri angekuwa amelipata lote.

Pazia likafunuka. Mama Pacha alipita kati yao, vidole vinang'aa mafuta, akaipokea swichi mkononi mwa mumewe. Aliisogeza sikioni, akabonya mara moja.

"Inalia," alisema.

Sikio aliinuka kwenye kiti cha mbele, akampisha akae.